Gia Inapochomoka Unapoongeza Mafuta: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kupasua Injini

Malalamiko haya humfikia fundi kwa maneno machache: gia inaruka, gia inachomoka, gia ya pili haikai. Dereva anaeleza kwamba alikuwa akipandisha mlima akiwa na abiria na kiroba cha viazi, akaongeza mafuta, na ghafla injini ikalia kwa sauti ya juu huku pikipiki ikipoteza nguvu kana kwamba imewekwa nyutro. Kisha kikasikika kishindo chini ya miguu yake na pikipiki ikashtuka kwenda mbele. Baada ya maelezo hayo mafundi wengi huchukua spana na kutangaza kwamba injini lazima ipasuliwe. Wakati mwingine wako sahihi. Mara nyingi, hata hivyo, wamekata hukumu kabla ya kuuliza maswali mawili ambayo yangewaelekeza kwenye kipuri chenye kosa: ni gia ipi inayochomoka, na inachomoka wakati gani.

Katika maelezo yanayofuata nitatumia kama mfano injini ya muundo wa Honda CG 125, ambayo viwanda vingi vya China vimeinakili na ambayo karibu kila fundi wa bodaboda amewahi kuifungua. Mwenye pikipiki ya Boxer au TVS ataona kwamba kanuni ni ile ile. Kinachobadilika ni mahali kipuri kilipo na vipimo vyake, na kwa vipimo kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho cha kufuatwa.

Kinachofanya gia ikae

Ndani ya gia boksi ya pikipiki, meno ya gia hayaachani kamwe. Gia ya shafti ya kwanza na mwenzake wa shafti ya pili zimeng'atana wakati wote, hata pikipiki ikiwa nyutro, isipokuwa kwamba katika kila jozi gia moja huzunguka bure juu ya shafti yake bila kuiburuta. Unapokanyaga gia, kinachotokea ni kwamba gia ya jirani inasogezwa pembeni, na vijino vinene vilivyochomoza ubavuni mwake vinaingia katika matundu ya ile gia iliyokuwa ikizunguka bure na kuifunga. Vijino hivyo nitaviita vidole, ili visichanganywe na meno ya kawaida ya gia.

Anayesogeza gia hiyo ni foki, yaani uma mdogo wa chuma ulio ndani ya gia boksi (si foki za gurudumu la mbele), na foki husogezwa na drumu, chuma cha mviringo chenye mifereji iliyopinda. Mwishoni mwa drumu kuna sahani yenye mabonde, mfano wa nyota, na juu yake hukaa mkono mdogo wenye gurudumu na springi. Kila unapoingiza gia, gurudumu hilo linatumbukia katika bonde moja na kuizuia drumu isirudi. Kwa hiyo gia hushikwa na vitu viwili vinavyosaidiana: drumu iliyotulia mahali pake, na vidole vilivyong'ata vizuri.

Jambo la kuzingatia hapa ni umbo la vidole. Kuta zake huchongwa kwa mwinamo mdogo wa nyuzi chache, ili nguvu ya injini inapoongezeka gia mbili zivutane badala ya kusukumana. Vidole vikiwa vizima, mzigo mkubwa huikaza gia. Kona zikilika na kuwa mviringo, mwinamo huo hupotea na mzigo ule ule hugeuka kuwa msukumo wa kuzitenganisha. Ndiyo sababu pikipiki yenye tatizo hili inaweza kutembea vizuri kwenye tambarare bila abiria, kisha ikatema gia kila inapoanza kupanda na mafuta yakaongezwa.

Hakikisha kwanza kwamba ni gia

Nimeona pikipiki zilizopasuliwa injini kwa sababu ya cheni. Cheni iliyolegea, ikikutana na spoketi (gurudumu la meno linalobeba cheni) yenye meno yaliyochongoka kama ya msumeno, huruka juu ya meno hayo unapoongeza mafuta, na mlio wake mzito humfanya dereva aamini kwamba kishindo kimetoka ndani ya injini. Shika cheni nyuma kabisa ya spoketi ya nyuma na uivute kuelekea nyuma; ukiona inaachana na spoketi kiasi cha kuonyesha nusu ya jino, hapo una jibu la kwanza. Ukitaka uhakika zaidi, ikaze cheni kisha upime urefu wa pingili 20. Cheni namba 428, inayotumika katika pikipiki nyingi za aina hii, ina mm 12.7 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo pingili 20 za cheni mpya zina mm 254. Zikifika mm 259 cheni imekwisha, na iondoke pamoja na spoketi zake zote mbili. Fungua pia kifuniko cha spoketi ya mbele na ujaribu kuizungusha kwa mkono kwenda mbele na nyuma juu ya shafti yake, kwa kuwa mifereji inayoishikilia hulika bila kuonekana kwa nje.

Klachi inayoteleza nayo husingiziwa kuwa gia, ingawa tabia zake ni tofauti kabisa. Klachi ikiteleza, sauti ya injini hupanda taratibu huku mwendo ukibaki ule ule. Hakuna kishindo, hakuna mshtuko, na ukipunguza mafuta pikipiki hushika tena kwa upole. Gia inayochomoka hukata nguvu mara moja, kama kamba iliyokatika. Iwapo bado una shaka, washa injini, weka gia ya nne, shika breki zote mbili kwa nguvu na uachie klachi polepole huku ukiongeza mafuta kidogo. Injini inapaswa kuzimika. Ikiendelea kuunguruma huku pikipiki imesimama, tatizo liko kwenye klachi, na marekebisho yake huanzia kwenye waya: mkono wa klachi uwe na mchezo (ulegevu) wa mm 10 hadi 20 kwenye ncha yake kabla haujaanza kuvuta.

Jaribio la barabarani

Tafuta kipande cha barabara kisicho na magari, chenye tambarare na mlima wa wastani, na uende peke yako ukiwa umevaa kofia ngumu. Usifanye jaribio hili ukiwa na abiria, na usifanye barabara kuu ambako lori linaweza kuwa nyuma yako wakati nguvu inapokatika.

Anza na gia ya kwanza. Iingize kwa ukamilifu, kisha uondoe mguu wako kabisa kwenye kanyagio la gia. Ongeza mafuta kwa nguvu, yashikilie mwendo ukiwa sawa, kisha yaachie ghafla ili injini iivute pikipiki nyuma. Rudia mara tatu, halafu nenda gia inayofuata, na uandike kila kitu hata kama ni kwa penseli kwenye kipande cha boksi: gia gani, na ilichomoka wakati wa kuongeza, wakati wa kushikilia, au wakati wa kuachia. Kuongeza mafuta hutumia uso mmoja wa kidole cha gia, na kuachia mafuta hutumia uso wa upande wa pili. Gia inayochomoka wakati wa kuongeza tu imelika upande wa kusukuma, na ile inayochomoka wakati wa kuteremka mlima imelika upande wa kuvuta.

Majibu ya jaribio hili yana uzito kuliko maoni ya fundi yeyote aliyesimama kando ya pikipiki iliyozimwa. Ikiwa gia moja tu ndiyo inayochomoka na nyingine zote zinakaa, shuku vidole vya gia hiyo na foki yake. Ikiwa zinachomoka gia mbili zinazosogezwa na foki moja, shuku foki hiyo kabla ya gia. Ikiwa gia zote zinachomoka, au leo ni ya pili na kesho ni ya nne bila mpangilio, basi si rahisi gia zote ziwe zimelika kwa wakati mmoja. Hapo kosa liko kwenye kinachoishikilia drumu au kwenye mfumo wa kanyagio. Gia ya pili ndiyo inayoongoza kwa ugonjwa huu. Kuifikia kutoka ya kwanza mara nyingi ni lazima mguu uivuke nyutro, na dereva mwenye haraka huiingiza nusu nusu kisha akafungulia mafuta, hivyo kona za vidole hugongana kila siku badala ya kutumbukia.

Kuna dokezo jingine ambalo wengi hawalitumii. Pikipiki nyingi za Kichina zina taa au tarakimu inayoonyesha gia kwenye dashibodi, na taarifa yake hutoka kwenye drumu, si kwenye gia zenyewe. Gia inapochomoka, tupia jicho pale. Ikiwa tarakimu bado inasoma 2 ilhali nguvu imekatika, drumu haikusogea, na lawama inaelekea kwenye foki iliyopinda au iliyolika. Ikiwa tarakimu imezimika au imebadilika, drumu imezunguka yenyewe. Pikipiki isiyo na tarakimu hizo itakuambia kwa njia nyingine: drumu ikiwa imerudi, utalazimika kukanyaga tena ili upate gia ile ile; ikiwa haikurudi, gia mara nyingi hujirudisha yenyewe kwa kishindo unapopunguza mafuta.

Vitu vya nje, ambavyo havigharimu kitu

Kanyagio la gia la kukanyaga mbele na nyuma limeenea sana kwenye pikipiki za biashara, na ndilo chanzo ambacho dereva hapendi kukisikia. Anapopakia mishikaki, yaani abiria wawili au zaidi kwa pamoja, husogea mbele ya kiti hadi kisigino chake kinalala juu ya sehemu ya nyuma ya kanyagio. Pikipiki ikipita kwenye tuta au shimo, uzito wa mguu unaisukuma drumu nusu ya safari, na gia inachomoka. Mwambie aendeshe siku moja akiwa ameweka mguu mbele ya kanyagio, mbali nalo. Nimewahi kumaliza tatizo la mtu kwa sentensi hiyo moja, naye akaondoka akiwa na uso wa mtu aliyetapeliwa, kwa kuwa alikuja amejiandaa kununua gia.

Kagua vilevile kama kanyagio lenyewe limelegea kwenye shafti yake. Meno madogo ya ndani yakiwa yamelika, mguu hukamilisha safari yake ilhali shafti haijakamilisha ya kwake, na gia huingia nusu. Angalia kama kanyagio limepinda baada ya kuanguka na sasa linagusa kifuniko cha injini, chuma cha kukinga miguu au kipande cha mpira kilichofungwa kuzuia tope. Kanyagio linapaswa kwenda hadi mwisho juu na chini bila kugusa kitu chochote, na likiachwa lirudi katikati lenyewe kwa haraka. Kulirudisha ni kazi ya springi ya shafti; springi hiyo ikichoka, au pini inayoiegemea ikilegea kwenye ukuta wa injini, mkanyago unaofuata huanza mahali pasipofaa na kuishia kabla ya wakati.

Mwaga oili uisome

Oili ya injini hizi ndiyo inayolainisha pia klachi na gia, kwa hiyo hubeba habari za vyote vitatu. Imwage ingali ya moto katika beseni safi la rangi nyeupe, uiache itulie, kisha upitishe sumaku chini yake. Sumaku ya spika ya redio mbovu inafaa kabisa ikifungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Unga laini wa kijivu ulio kama matope ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho, vyenye kona kali na upande mmoja unaong'aa, ni kona za vidole vya gia au meno yaliyovunjika, na ukivipata huna haja ya kubishana tena kuhusu kupasua injini. Vipande vyepesi vyenye rangi ya fedha ambavyo sumaku haivishiki ni aluminiamu, mara nyingi kutoka kwenye kasha la injini lenyewe au klachi. Vipande vyeusi vinavyosagika kati ya vidole vyako vimetoka kwenye sahani za klachi.

Unaporudisha oili, chagua yenye alama ya JASO MA, ambayo ni ya pikipiki zenye klachi inayoogelea katika oili. Oili mpya haitaponya kidole cha gia kilicholika, hata muuza duka akiapa.

Nyuma ya klachi

Ikiwa jaribio la barabarani limeonyesha kwamba gia zinachomoka bila mpangilio, au drumu inazunguka yenyewe, usishushe injini. Katika injini ya muundo wa CG sehemu inayohusika iko upande wa kulia, nyuma ya klachi, na inafikiwa injini ikiwa bado kwenye fremu: toa oili, ondoa kikanyagio cha kuwashia, fungua kava la kulia, kisha utoe klachi. Ikiwa klachi imefungwa katikati kwa nati yenye mifereji, nati hiyo huhitaji soketi yake maalumu. Usiipige kwa patasi na nyundo. Kila kipande kinachokatika hapo huanguka mahali ambapo hutaki chuma kianguke.

Klachi ikishatoka utaiona ile nyota na mkono wake. Weka kidole chako juu ya mkono huo, uusukume mbali na nyota na uuachie. Unapaswa kurudi kwa nguvu na kutoa mlio mfupi wa chuma. Ukirudi kwa uvivu, springi imechoka au imekatika. Zungusha lile gurudumu dogo: linatakiwa lizunguke, na lisiwe limechongeka upande mmoja. Shika bolti ambayo mkono unazungukia, na ile inayoikaza nyota kwenye drumu, uone kama zimelegea. Mabonde ya nyota yawe na kingo zinazoonekana. Yakiwa yamelainika kama sahani ya chai, gurudumu halina pa kukaa.

Somo hili nililipata kwa gharama yangu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi niliwahi kupasua injini nzima kwa ajili ya gia ya pili na ya tatu, nikabadilisha foki na jozi mbili za gia, nikafunga, na jioni ile ile mwenye pikipiki akarudi akiisukuma. Nilipofungua tena kava la kulia niliona bolti ya ule mkono imelegea mizunguko miwili, na mkono wenyewe unachezacheza kama jino la mtoto. Mara ya kwanza nilikuwa nimeutoa na kuurudisha bila kuuangalia. Nilimrudishia fedha ya ufundi, lakini gia zile nilizozitoa zilikuwa nzima.

Injini inapolazimika kupasuliwa

Ukifika hapa ukiwa na gia moja inayochomoka kila mara chini ya mzigo, au na vipande vya chuma kwenye sumaku, kazi ni kubwa: injini inashuka, silinda, klachi na magneto (kinachozalisha umeme) vinatoka, na kasha linafunguliwa katikati. Kabla ya kuchomoa shafti piga picha kwa simu kutoka pande mbili, na unapotoa gia zipange kwenye waya mmoja kwa mfuatano wake pamoja na washa (visahani vyembamba vyenye tundu) na pete zake. Washa moja iliyorudishwa upande usio wake inatosha kuisogeza gia kiasi kwamba vidole having'ati kwa kina, na utakuwa umetengeneza mwenyewe ugonjwa uliokuja kuutibu.

Osha kila kidole kwa petroli na ukitazame kwenye mwanga wa jua kutoka ubavuni. Kona nzima hutoa mstari mwembamba ulionyooka. Kona iliyolika hung'aa kama ukingo wa sarafu ya zamani. Tazama na matundu ya gia mwenzake, kwa sababu hulika pamoja. Kununua gia moja mpya na kuikutanisha na ya zamani iliyolika ni kuahirisha tatizo kwa miezi michache. Zibadilishwe zote mbili.

Foki hukaguliwa kwa macho na kwa kipimo. Alama ya bluu au kahawia kwenye ncha zake inaonyesha kwamba ilikuwa ikisuguana na gia kwa joto kali, jambo linalotokea foki ikipinda au dereva akilaza mguu kwenye kanyagio. Ilaze juu ya kioo: ncha zote mbili ziguse sawasawa. Katika injini ndogo nyingi ncha mpya ina unene unaokaribia mm 5, na ikishuka chini ya mm 4.5 haifai tena. Usiinyooshe foki iliyopinda kwa nyundo. Pitisha pia kucha kwenye mifereji ya drumu, hasa pale inapopinda, na utikise shafti kwenye beringi zake, kwa maana shafti inayoelea huiachia gia hata kama vidole vyake ni vipya.

Fundi fulani atakuambia kwamba vidole vilivyolika vinaweza kuchongwa upya kwa jiwe la kusagia. Wapo wataalamu wenye mashine za kazi hiyo, wanaochonga vidole vyote kwa pembe moja. Jiwe la mkono haliwezi. Litaondoa ngozi ngumu ya chuma iliyo juu, na litaacha kidole kimoja kikibeba mzigo ambao ulipaswa kugawanywa kwa vitatu au zaidi.

Kabla ya kurudisha silinda, kasha likiwa limeshafungwa, zungusha shafti kwa mkono huku ukiingiza gia zote kutoka ya kwanza hadi ya mwisho na kurudi. Gia za pikipiki mara nyingi haziingii zikiwa zimesimama, kwa hiyo usilazimishe. Zungusha kidogo hadi vidole vikutane na matundu. Kila gia iingie kwa mlio unaofanana, na nyutro ipatikane bila kutafutwa. Ukikuta moja inakwama, fungua sasa hivi, kabla gasketi haijakauka.

Injini ikisharudi kwenye fremu, rudia jaribio lile lile la barabarani kwenye mlima ule ule, ukianza na gia iliyokuwa ikisumbua. Baada ya siku chache za kazi mwaga oili hiyo mpya na upitishe tena sumaku, kwa sababu chembe zilizojificha kwenye pembe za kasha hutoka wakati huo.